Mbwa, Paka na Farasi Wanapohara: Kinachoua ni Maji Yanayopotea

Swali la kwanza la karibu kila mwenye mnyama anayehara ni "nimpe dawa gani akome?" Linaeleweka. Kinyesi kimetapakaa, harufu imejaa kila mahali, na mnyama mwenyewe amenywea. Lakini ukianzia hapo utapotea njia mapema. Kuhara ni dalili, na vyanzo vyake ni vingi: virusi, minyoo, mafuta aliyoyadokoa jalalani, kongosho lililoshindwa kazi, hata dawa aliyopewa wiki iliyopita kwa tatizo lingine kabisa. Chanzo kinaweza kuchukua siku kadhaa kujulikana, na pengine kisijulikane. Maji na chumvi anazopoteza, kwa upande mwingine, zinahesabika leo hii. Hizo ndizo humwangusha mnyama wakati mwenyewe bado anahangaika kutafuta kitu cha kumfunga tumbo.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: amepoteza maji kiasi gani, na je, anaweza bado kuyarudisha mwenyewe kwa kunywa? Jibu lake hutofautiana sana kati ya mbwa, paka na farasi.

Maji hayo hutoka wapi

Utumbo hupitisha maji mengi kuliko watu wanavyodhani. Mbwa wa kilo 20 hupitisha zaidi ya lita 2 kila siku, ukijumlisha anayokunywa, mate, nyongo na majimaji ya tumbo na kongosho. Karibu yote hunyonywa tena na kurudi kwenye damu. Kwa farasi mkubwa hesabu inatisha: ndani ya saa 24 takriban lita 100 huingia na kutoka kwenye utumbo mpana, kiasi kinachokaribia maji yote yaliyo nje ya seli za mwili wake. Mfumo huo ukiharibika hata kidogo, hasara huwa ya ndoo kwa ndoo.

Uharibifu huja kwa njia kadhaa, na mara nyingi mbili au tatu hutokea pamoja. Chakula ambacho hakikumeng'enywa hubaki ndani na kuvuta maji. Ndivyo maziwa yanavyowaharisha paka wengi wakubwa, kwa kuwa hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa. Sumu za bakteria nazo huweza kuziamuru seli za utumbo zimwage maji badala ya kuyanyonya. Ukuta wa utumbo ukiwa na vidonda au uvimbe huvujisha protini na damu. Na utumbo unaosukuma vitu haraka mno haumpi mnyama nafasi ya kunyonya chochote.

Ndiyo maana nina wasiwasi na dawa za kufunga tumbo. Zinapunguza mwendo wa utumbo, lakini kama tatizo ni sumu au bakteria, unazidi kuvifungia ndani.

Kinyesi chenyewe kinasema nini

Kwa mbwa na paka, kabla hujasafisha, angalia. Tatizo likiwa kwenye utumbo mwembamba, kinyesi hutoka kingi kwa mara moja, ila idadi ya safari haiongezeki sana. Mnyama huweza kutapika, na likiendelea atakonda. Damu ikiwepo huwa imemeng'enywa, basi kinyesi huwa cheusi kinachonata kama lami. Tatizo likiwa utumbo mpana, mambo yanageuka: anatoka kila baada ya muda mfupi, anajikaza, kinatoka kidogo chenye ute, na damu huwa nyekundu mbichi. Wenye wanyama wengi huona anavyojikaza wakadhani amefunga choo, wakampa mafuta au dawa ya kulainisha.

Damu nyekundu kidogo juu ya ute inatia hofu kuliko inavyostahili, hasa kama mbwa bado anatikisa mkia na kutaka chakula. Kinyesi cheusi hakitishi macho, lakini kina uzito zaidi, kwa sababu damu imetoka juu, tumboni au kwenye utumbo mwembamba. Yote mawili mwambie daktari wa mifugo; la pili mwambie leo.

Kwa farasi mgawanyo huu hausaidii sana. Farasi mkubwa anayehara ana tatizo kwenye utumbo mpana au ule mfuko mkubwa unaoutangulia, kule nyasi zinakochachushwa na mamilioni ya vijidudu. Pia farasi hawezi kutapika, kwa hiyo usisubiri matapishi yakuonye.

Mtazame mnyama

Inua mdomo wa juu uangalie ufizi. Wenye afya una rangi ya waridi, unyevu na utelezi. Ukikauka na kunata kidoleni, maji yameanza kupungua. Ubonyeze hadi uwe mweupe kisha uachie: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Halafu finya ngozi ya kati ya mabega, ivute juu na uiachie. Ya mnyama mwenye maji ya kutosha hurudi mara moja. Kwa mnyama mzee au aliyekonda ngozi hii hudanganya, kwa kuwa hurudi polepole hata kama hana shida ya maji, na kwa mnene hurudi haraka hata kama anayo. Kwa hiyo usiiamini peke yake.

Jambo la kukumbuka ni kwamba dalili hizi huanza kuonekana mnyama akiwa amepoteza maji ya takriban asilimia 5 ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 20 hiyo ni lita 1. Kwa farasi wa kilo 500 ni lita 25, na hapo ndipo unapoanza tu kugundua.

Mbwa mkubwa mwenye afya, aliyechanjwa, anayehara lakini bado mchangamfu, anakunywa na hatapiki, unaweza kumwangalia nyumbani kwa siku moja au mbili. Wengi hupona wenyewe. Usisubiri kama ni mtoto, mzee au mjamzito, kama ana ugonjwa mwingine, anatapika kila anachokunywa, amelegea, tumbo linamuuma, ufizi umepauka, damu ni nyingi, au unashuku amekula sumu au dawa. Mbwa anayemwaga damu nyingi ghafla anaweza kuhitaji dripu ndani ya saa chache hata kama jana alikuwa mzima.

Chakula, na ushauri wa zamani

Kwa miaka mingi tuliambiwa mbwa anayehara afungiwe chakula saa 24 au zaidi ili utumbo upumzike. Ushauri huo umepitwa na wakati. Seli za ukuta wa utumbo hupata sehemu kubwa ya lishe yake kutoka kwenye chakula kinachopita juu yake, na kufunga kwa muda mrefu huchelewesha kupona kwake. Kama hatapiki, mpe chakula chepesi kisicho na mafuta, kwa mfano wali na nyama ya kuku iliyochemshwa bila ngozi, au chakula maalumu cha tumbo kutoka kwa daktari. Mpe kidogo kidogo, mara nne hadi sita kwa siku. Kinyesi kikishikana, changanya chakula chake cha kawaida taratibu kwa muda wa kama wiki moja. Wengi huharibu hapa: mbwa amepona siku ya tatu, anarudishiwa bakuli kamili la chakula cha zamani, na kesho yake anahara tena.

Watoto wa mbwa, hasa wa aina ndogo, wasifungiwe chakula kabisa, kwa sababu sukari ya damu yao hushuka haraka. Paka naye ana hatari yake. Paka asiyekula kwa siku mbili au tatu, na zaidi aliyenenepa, anaweza kupata mafuta kwenye ini, ugonjwa unaoua. Paka anayehara na kugoma kula ni mgonjwa wa daktari, hata kama kuhara kwenyewe kunaonekana kudogo.

Probayotiki (vijidudu wema wa utumbo) zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama zinaweza kufupisha kuhara kidogo, na hazina madhara makubwa. Usitarajie zaidi ya hapo.

Antibayotiki ni suala linalohitaji kusemwa wazi. Metronidazoli imekuwa ikitolewa kwa karibu kila mbwa anayehara, na wenye mbwa huidai. Lakini kuhara kwingi kwa ghafla hakusababishwi na bakteria wanaohitaji kuuawa, na dawa hiyo huvuruga jamii ya vijidudu wema wa utumbo. Kwa baadhi ya mbwa wazima waliochunguzwa, jamii hiyo haikuwa imerudi sawa hata wiki 4 baada ya dawa kuisha. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya iliyotoka 2024 inashauri mbwa wenye kuhara kwa kiwango cha chini na cha kati wasipewe antibayotiki, hata kama kuna damu. Zinabaki kwa wale wenye dalili kwamba maambukizi yameingia kwenye mfumo wa damu. Daktari akikataa kukuandikia, usimwone mzembe, amekuhudumia vizuri.

Na kabati la dawa za watu lifungwe. Parasetamoli kidogo tu humuua paka. Ibuprofeni hutoboa vidonda tumboni mwa mbwa na kuharibu figo. Dawa za tumbo zenye bismuthi ya salisilati ni hatari kwa paka, kwa kuwa salisilati ni ndugu wa aspirini na paka huitoa mwilini polepole mno. Loperamidi, ambayo watu huimeza bila kuwaza, inaweza kulewesha ubongo wa mbwa wa aina ya koli na jamaa zake wenye kasoro fulani ya kurithi.

Mtoto wa mbwa anayehara damu

Hapa sina nafasi ya kubembeleza. Mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo, anayetapika na kuhara damu yenye harufu kali, achukuliwe kama ana parvo mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Virusi vya parvo vya mbwa vilitambuliwa mwaka 1978 na vikasambaa duniani kwa muda mfupi sana. Vinashambulia seli zinazogawanyika haraka: zile zinazozalisha ukuta wa utumbo na zile za uboho zinazotengeneza chembe nyeupe za damu. Kwa hiyo mtoto anapoteza maji, anapoteza kizuizi cha bakteria wa utumboni, na anapoteza askari wa kupambana nao, yote kwa wakati mmoja. Wasiotibiwa wengi hufa. Wanaopata dripu na uangalizi mapema wengi hupona.

Virusi hivi hukaa kwenye mazingira kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida au kitakasa mikono cha alkoholi haviviui. Klorini ya nyumbani huviua ikichanganywa kipimo 1 kwa maji vipimo 30 na kuachwa dakika 10, mradi uchafu uwe umeoshwa kwanza, kwa sababu klorini hupoteza nguvu ikikutana na kinyesi. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16 au zaidi. Ile ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye uzito mkubwa, kwa kuwa kabla ya hapo kinga iliyotoka kwa mama inaweza kuizima chanjo. Paka wana virusi ndugu wa hivi, na hao pia wana chanjo.

Minyoo nayo isisahaulike kwa watoto. Minyoo mviringo hupita kwa mama kabla ya kuzaliwa, na minyoo midogo yenye kulabu inayonyonya damu hupitia maziwa. Mtoto anaweza kupauka ufizi na kufa kwa upungufu wa damu akiwa bado ananyonya. Ndiyo sababu dawa ya minyoo huanza mapema, wiki ya 2, kisha hurudiwa kila wiki 2 katika kipindi cha kunyonya.

Kuhara kusikoisha

Kuhara kukizidi wiki 3 ni habari nyingine. Hapo tafuta vimelea kama Giardia kwanza, kisha fikiria viungo vingine. Mbwa anayekula kwa pupa lakini anakonda, huku akitoa kinyesi kingi chenye rangi iliyopauka, huenda kongosho lake halitoi vimeng'enya. Anawekewa unga wa vimeng'enya kwenye chakula na hunenepa tena. Paka mzee anayekula sana, anakonda na kuhara, apimwe homoni za tezi ya shingoni.

Wakibaki wale ambao vipimo havionyeshi kitu, wengi wao hupona kwa kubadilishiwa chakula tu: protini moja ambayo hawajawahi kula, au protini iliyovunjwavunjwa. Matokeo huanza kuonekana ndani ya wiki 2. Sharti ni kwamba asile kitu kingine chochote, hata kipande kimoja cha biskuti kutoka mkononi mwa mtoto. Naamini majaribio mengi ya chakula yaliyosemwa kuwa yameshindwa hayakuwahi kufanyika kikamilifu.

Farasi

Farasi aliyetoa mavi laini baada ya safari, au baada ya kuhamishiwa malisho mabichi, huku akila na macho yake yakiwa makini, anaweza kutulia kwa siku moja akipewa nyasi kavu nzuri. Farasi anayemwaga maji matupu, ameinamisha kichwa, ana homa au hataki kula, ni dharura ya saa hiyo. Sisemi ya kesho asubuhi.

Pima joto: la kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5. Pima mapigo chini ya taya. Akiwa ametulia huwa 28 hadi 44 kwa dakika, na yakizidi 60 hali ni nzito. Angalia ufizi. Ukiwa mwekundu uliokolea au una mstari wa zambarau juu ya meno, sumu za bakteria tayari zimepenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Sumu hizo huleta balaa jingine ambalo wengi hawalitarajii: huvuruga tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato. Farasi anaweza kupona tumbo akaharibika miguu. Ndiyo maana madaktari huzamisha miguu yake kwenye barafu mfululizo, kabla hata hajachechemea.

Vyanzo ni vingi: bakteria kama Salmonella na Clostridium, virusi vya korona vya farasi, nafaka nyingi alizokula kwa mkupuo. Antibayotiki zenyewe huweza kuua vijidudu vya uchachushaji na kufungulia wabaya mlango. Dawa za maumivu kama fenilbutazoni, zikizidi kipimo au muda, hutoboa vidonda kwenye utumbo mpana. Kwa hiyo farasi anayehara akiwa kwenye mojawapo ya dawa hizo, mpigie daktari kabla ya kumpa dozi inayofuata.

Amerika Kaskazini kuna homa ya Potomac, iliyotambuliwa Maryland mwaka 1979 karibu na mto wenye jina hilo. Farasi huipata kwa kumeza wadudu wa majini waliobeba bakteria yake, na wadudu hao huvutwa na taa za banda usiku. Kuzima taa ni kinga halisi. Huu ni mfano ambapo antibayotiki sahihi, oksitetrasaiklini ya mshipani, hubadilisha hali haraka.

Kwa farasi mchanga anayekonda na kuhara ghafla mwishoni mwa majira ya baridi, fikiria minyoo midogo. Mabuu yake hujificha ndani ya ukuta wa utumbo kisha hutoka kwa pamoja. Kipimo cha mayai kwenye mavi kinaweza kusoma sifuri, kwa sababu mabuu hayatagi, na sifuri hiyo imewapumbaza wengi.

Palipo na mchanga, fanya jaribio hili. Vaa glovu ndefu ya plastiki, chukua madonge machache ya mavi ambayo hayajagusa ardhi, igeuze nje ndani, jaza maji, tikisa na uitundike. Baada ya muda shika ncha za vidole vya glovu: mchanga ukiwepo utausikia umekaa chini. Kutouona hakumaanishi haupo utumboni, lakini kuuona kwa wingi ni jibu. Utenganishe pia kuhara na ile hali ambapo madonge ni ya kawaida ila maji hutoka pembeni yake na kuchafua miguu ya nyuma. Hiyo inaudhi, mara nyingi huhusiana na lishe au msongo wa kundi, na haihitaji mbio za usiku.

Wakati ukimsubiri daktari, ondoa nafaka, acha nyasi kavu, weka ndoo mbili: moja ya maji safi, moja ya maji yenye chumvi za mwili. Usimwekee ya chumvi peke yake, maana asipoipenda ataacha kunywa kabisa. Mtenge na wenzake, awe na ndoo, koleo na viatu vyake, na ahudumiwe wa mwisho. Salmonella hutoka kwenye mavi kwa vipindi, hivyo sampuli moja safi haimwachi huru. Huhitajika kadhaa za siku tofauti.

Watoto wa farasi huhara kidogo kati ya siku ya 5 na ya 14, wakati utumbo unapozoea vijidudu vipya. Mtoto wa namna hiyo anaruka na ananyonya. Kipimo kizuri ni kiwele cha mama: kikiwa kimejaa na kudondosha, au mtoto ana maziwa yaliyokauka usoni, amesimama chini ya mama bila kunyonya, na hilo halisubiri. Anayehara kabla ya siku ya 5 naye aonwe mara moja. Osha makalio yake na kuyapaka mafuta mazito, kwa kuwa ngozi huungua na manyoya hunyonyoka.

Bakteria wa Salmonella na Campylobacter, pamoja na mayai ya minyoo, humwingia pia binadamu, wakiwamo watoto wanaocheza na mbwa sakafuni. Nawa mikono kwa sabuni, na mgonjwa asisafishwe kwenye sinki la vyombo.

Unapompigia daktari, uwe na majibu tayari: alianza lini, mara ngapi, amekula nini kigeni, chanjo na dawa ya minyoo ya mwisho ilikuwa lini, anatumia dawa gani. Peleka kinyesi cha leo kwenye chombo kilichofungwa vizuri. Kama Giardia inashukiwa, kusanya cha siku 3, kwa sababu nayo hutoka kwa vipindi. Na kama ni farasi, andika joto na mapigo kabla ya kupiga simu. Hayo mawili ndiyo atakayoyauliza kwanza.